Dawa za Mtandaoni: Zikikudhuru, Nani Atajibu?

Ujumbe wenyewe huja hivi, mara nyingi kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, cha chama au cha mtaa. Kwanza picha ya makasha ya dawa yaliyopangwa juu ya meza, kisha maneno: "Dawa za presha, sukari, pumu, antibayotiki, nguvu za kiume, kupunguza mwili. Bei poa kuliko kemisti. Huhitaji karatasi ya daktari. Lipa kwa M-Pesa, tunaleta mpaka mlangoni Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru." Chini kuna nambari ya simu. Jina la duka halipo, mtaa haupo, jina la mfamasia halipo.

Wanaoitikia ujumbe huo si wajinga. Mtu wa Nyalenda mwenye presha na sukari kwa pamoja hulipia dawa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi akifika hospitali ya umma huambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje. Mwingine anaona haya kumweleza kijana wa dukani, ambaye huenda ni mtoto wa jirani, kwamba anatafuta dawa ya ugonjwa wa zinaa. Mwingine anaishi Usenge au Mbita na nauli ya kwenda mjini na kurudi inamuumiza kuliko dawa yenyewe. Sababu hizi ni za kweli, na anayeanza kwa kumkemea mnunuzi hatamsaidia. Swali linalohitaji jibu ni moja: ukituma pesa kwa nambari ile, unanunua nini hasa?

Tuondoe kwanza mkanganyiko unaowasumbua wengi. Kuagiza dawa kwa simu si kosa. Duka la dawa lenye leseni katikati ya mji wa Kisumu linaweza kupokea picha ya karatasi yako ya daktari, mfamasia akaisoma, akakupigia kuuliza kama kuna dawa nyingine unayotumia, kisha akampa mtu wa boda mfuko uliofungwa vizuri. Bodi ya Famasia na Sumu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1957 na ambayo wengi tunaijua kwa herufi PPB, inayatambua maduka yanayohudumia wateja kwa njia ya intaneti na ina mwongozo wake kwa ajili yao. Kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, huduma hiyo ni msaada mkubwa. Kinachoitofautisha na ule ujumbe wa WhatsApp ni kwamba nyuma yake kuna mlango unaoweza kuugonga na mtu mwenye leseni anayeweza kunyang'anywa.

Upande wa pili wamechanganyika watu wasiofanana. Yupo wa hapa hapa kwetu, mwenye begi la dawa alizozipata kwa jamaa anayevuka mpaka pale Busia au Malaba, kwa rafiki anayefanya kazi stoo, au kwenye shehena iliyokaribia kuharibika. Huyu pengine anaamini kwa dhati kwamba anauza dawa nzuri, ila hana njia yoyote ya kujua. Ipo tovuti iliyotengenezwa kwa ustadi, yenye picha ya daktari mwenye koti jeupe na bendera ya Kanada au Uingereza, huku seva yake ikiwa nchi moja, akaunti ya benki nchi ya pili na kiwanda nchi ya tatu. Halafu yupo mwizi mtupu, anayepokea pesa kisha anakublock. Huyu wa mwisho, kwa mtazamo wangu, ndiye anayekudhuru kidogo kuliko wote, kwa sababu hakuna unachomeza.

Ukubwa wa jambo hili unashangaza. Nchini Marekani, chama kinachounganisha bodi za famasia, NABP, kimechunguza maelfu ya tovuti zinazouza dawa, na takriban 95 kati ya kila 100 zilikuwa zikiendeshwa kinyume cha sheria au viwango. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliwahi kueleza kwamba dawa zinazonunuliwa kwenye tovuti haramu zinazoficha anwani yake ni bandia kwa zaidi ya nusu ya visa. Polisi wa kimataifa, Interpol, wamekuwa wakiendesha operesheni iitwayo Pangea dhidi ya biashara hii tangu mwaka 2008. Katika awamu ya Mei 2021 pekee, viungo vya mtandaoni 113,020 vilifungwa au kuondolewa. Ukifunga ukurasa mmoja asubuhi, mwingine unafunguliwa jioni kwa jina jipya na picha zilezile.

Ndani ya kidonge

Watu wengi wakisikia "dawa feki" hufikiria chaki. Laiti ingekuwa chaki tu. Kidonge kisicho na kitu ni hatari moja kati ya nyingi, na kwa magonjwa fulani ni hatari ya kuua. Mtoto mwenye malaria kali ambaye siku mbili za mwanzo amemeza unga wa mahindi uliogandishwa amepoteza siku ambazo hazirudi. Sisi wa kando ya ziwa tunalijua hilo kuliko Wakenya wengine: uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulionyesha takriban watoto 19 kati ya 100 katika eneo la ziwa walikuwa na vimelea, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 6.

Kuna kidonge chenye dawa halisi lakini kidogo. Hiki humdanganya mgonjwa zaidi, maana homa hushuka. Vimelea au bakteria dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki, na wanaobaki ndio wanaozaana. Antibayotiki ya namna hii humdhuru hata mtu ambaye hajawahi kununua chochote mtandaoni, kwa kuwa usugu unaohamia kwa jirani haulizi alinunua wapi.

Kuna kidonge chenye dawa nyingine kabisa. Kati ya mwishoni mwa 2014 na Agosti 2015, katika mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya Uganda, watu walianza kufika hospitalini shingo zimepinda, ndimi zimetoka nje, uso na mikono ikijikaza bila hiari yao. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Zaidi ya watu 1,000 waliathiriwa kabla ya maabara kugundua kwamba makopo yaliyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, yalikuwa na haloperidoli, dawa nzito ya magonjwa ya akili. Makopo hayo hayakununuliwa mtandaoni. Yalipita katika maduka na zahanati, kwa watu waliosomea kazi hiyo, na bado yaliwapita. Ikiwa muuguzi aliyeshika kopo mkononi alidanganywa na lebo, picha kwenye simu itakusaidia nini?

Mwaka 2023 Austria iliripoti wagonjwa waliolazwa wakiwa na degedege baada ya sukari yao kushuka vibaya. Walikuwa wamejidunga kalamu walizodhani ni Ozempic, dawa ya kisukari ambayo watu wengi sasa wanaitafuta kwa ajili ya kupunguza mwili, na ikashukiwa kwamba ndani mlikuwa na insulini. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Mahitaji yakiwa makubwa na bidhaa ni adimu, mghushi hujaza pengo.

Kundi la dawa za kupunguza mwili na za nguvu za kiume linahitaji neno la peke yake, kwa sababu ndilo linalotangazwa sana na ndilo watu wanaloona haya kuliulizia. Vidonge vinavyouzwa kama "vya miti shamba tu" vimekutwa mara nyingi, na mamlaka ya dawa ya Marekani miongoni mwa nyingine, vikiwa na sibutramini iliyofichwa ndani. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Vile vya nguvu za kiume hukutwa na sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, bila kuandikwa popote. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akimeza hiyo, presha yake inaweza kuporomoka kwa namna ambayo hospitali itapata shida kuipandisha. Alidhani anameza mizizi.

Kisha kuna dawa halisi kabisa, ya kiwanda halisi, iliyoharibika njiani. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Joto la mchana Kisumu hufika karibu nyuzi 30 kivulini, na ndani ya sanduku la boda au buti ya matatu ni juu zaidi. Insulini iliyochemka hivyo huweza kuonekana safi kama maji huku nguvu zake zikiwa zimepungua. Ukinunua omena pale Dunga, pua yako itakuambia kama wameoza. Kidonge na chupa ya sindano havina harufu ya kukuonya.

Basi jicho lina kazi gani? Lipo la kufanya, ingawa dogo. Shika kasha kwa mkono mmoja na karatasi ya vidonge kwa mkono mwingine: nambari ya bachi, yaani ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja kiwandani, na tarehe ya mwisho lazima zilingane. Angalia kama tarehe imechapishwa au imebandikwa juu ya nyingine. Soma herufi za jina, maana makosa ya tahajia kwenye kasha la kiwanda ni nadra. Vidonge vinavyomeguka, vyenye madoa au rangi tofauti na za mwezi uliopita vina swali la kujibiwa. Mwaka 2011 tembe bandia za ARV aina ya Zidolam-N ziliingia Kenya, na kilichowashtua watu ni kwamba zilikuwa zimebadilika rangi na kuota ukungu. Hapo jicho lilisaidia. Lakini kasha lililoghushiwa vizuri hutambuliwa na maabara tu, na hilo ni vyema ulijue kabla hujajiamini kwa sababu kasha "linaonekana original".

Karatasi ya daktari inafanya nini?

Maneno "huhitaji karatasi ya daktari" huandikwa kama zawadi. Wengi huiona karatasi ile kama kizingiti cha kuwalipisha ada ya kumwona daktari, na kusema kweli foleni zetu zinawapa sababu ya kufikiri hivyo. Lakini tuchukue dawa moja tuitazame kwa karibu.

Selimundu (sickle cell) ni ugonjwa wa damu wa kurithi, wa kawaida huku magharibi mwa Kenya, kwa sababu kubeba nusu ya urithi wake humkinga mtu dhidi ya malaria kali, na vizazi vingi vya malaria vimeuacha urithi huo ukiwa umeenea. Dawa inayowapunguzia watoto maumivu na kulazwa ni haidroksiyurea. Dozi yake hupimwa kwa uzito wa mtoto, hupandishwa polepole, na kila baada ya muda damu hupimwa, kwa kuwa dawa hiyohiyo inaweza kushusha chembe nyeupe hadi mtoto akabaki hana kinga. Mzazi anayeinunua kila mwezi anaumia mfukoni. Akitokea mtu wa kumletea kwa bei nafuu, atamkataa vipi?

Sasa fikiria bachi ya kwanza ina nusu ya dawa. Maumivu yanarudi, mtoto analazwa, na daktari asiyejua habari za mfuko wa boda anaona dozi haitoshi, anaiongeza. Mwezi unaofuata muuzaji analeta bachi nyingine, safari hii yenye dawa kamili. Mtoto yuleyule sasa anameza kupita kiasi, na homa ya kawaida inaweza kumshinda. Hakuna aliyekusudia ubaya hapa: mzazi alihangaika, daktari alifuata kipimo, na muuzaji pengine alileta alichopewa. Kilichoharibu ni dawa isiyotabirika. Vivyo hivyo kwa dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda na za presha, ambazo daktari hupima mwili wako akidhani anajua ulichomeza.

Karatasi ndiyo inayomlazimu mtu fulani kuuliza kabla. Metformini ya sukari hutaka figo zinazofanya kazi. Enalapili ya presha haifai kwa mjamzito. Hayo hayaandikwi kwenye ujumbe wa WhatsApp, na muuzaji wa begi hana sababu ya kuuliza kama una mimba.

Wafamasia wa mjini wanayajua mazungumzo kama haya:

"Mama, hizi tembe umezitoa wapi?"

"Kuna mtu ananiletea, daktari. Ni za bei nafuu."

"Ana duka?"

"Ana simu."

Nani atapigiwa?

Kwangu hapa ndipo kiini kilipo, na hakizungumzwi vya kutosha. Hata njia halali huteleza. Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Nigeria iliripoti kukuta sumu aina ya daiethilini glaikoli katika bachi moja ya dawa maarufu ya kikohozi cha watoto. Ndani ya siku chache bodi yetu iliagiza bachi hiyo isiuzwe tena Kenya, na maduka yakaitoa kwenye rafu. Mtengenezaji alipinga matokeo hayo, lakini angalia kilichowezekana: kulikuwa na nambari ya bachi, orodha ya waagizaji, orodha ya maduka, na watu wa kupigiwa simu.

Dawa ya begi haina kitu hata kimoja kati ya hivyo. Ikigundulika leo kwamba bachi fulani inaua, hakuna atakayekupigia, kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba uliuziwa. Ukizimia, daktari wa zamu pale Russia, kama wengi wanavyoiita hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, atakuwa akikisia. Ukitaka fidia, utamshtaki laini ya simu. Isitoshe, umemwachia mtu usiyemjua jina lako, mahali unapoishi na ugonjwa unaougua, na kama ni ugonjwa ambao hujamweleza hata mwenzi wako, huyo mtu sasa ana siri yako.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, mtafute wa kujibu. Uliza jina la duka na lilipo. Uliza jina la mfamasia. Duka lililosajiliwa hupewa na bodi msimbo wa usalama (Health Safety Code) unaobandikwa mahali pa kuonekana, na mteja anaweza kuuhakiki kwa ujumbe mfupi. Nambari ya kutumia itoe kwenye tovuti ya bodi yenyewe, pharmacyboardkenya.org, wala usitumie ile iliyo kwenye picha ya muuzaji, kwani mwenye kughushi kasha hashindwi kughushi kibandiko. Muuzaji wa haki hatakasirika ukimuuliza. Na asipokuomba karatasi kwa dawa inayohitaji karatasi, ameshakujibu.

Kuhusu bei, ambayo ndiyo inayowasukuma wengi, ipo njia ya uaminifu ya kuipunguza. Mwambie mfamasia: "Nipe ya bei nafuu yenye dawa ileile." Dawa nyingi za presha na sukari, kama amlodipini na metformini, zina matoleo ya viwanda mbalimbali yenye kiambato kilekile, yaliyosajiliwa, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya jina kubwa. Wengi wetu hununua jina kwa sababu ndilo daktari aliloandika na hakuna aliyetuambia tuulize. Katika kaunti kadhaa za magharibi, mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret umesaidia kuanzisha maduka ya dawa ya mfuko wa mzunguko ndani ya vituo vya afya vya umma: dawa za hospitali zikiisha, mgonjwa hununua hapo hapo kwa bei nafuu na pesa hurudi kununua dawa nyingine. Uliza kama kituo chako kina duka la aina hiyo. Hospitali za misheni nazo zinafaa kuulizwa. Kwa wenye haya, mwombe mfamasia mzungumze pembeni. Ni haki yako, na yeye ameshasikia mambo makubwa kuliko lako.

Kama tayari umenunua na umeanza kumeza, usiache ghafla kwa hofu, hasa ikiwa ni dawa ya kifafa au ya presha, kwa kuwa kuacha kwa ghafla kunaweza kukuangusha. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na kasha lote, pamoja na vidonge vilivyobaki, ueleze ulivyoipata bila kuficha ili upewe mbadala. Dalili kama kizunguzungu kikali, degedege, uso kujikaza, upele unaoenea au kupumua kwa shida ni za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Vidonge vilivyobaki usivimwage chooni wala kwenye jalala ambalo watoto huchokora, vipeleke kituo cha afya, ila usivikabidhi kabla hujanakili yaliyo kwenye kasha. PPB ina fomu ya waridi kwa dawa inayoshukiwa kuwa na ubora mbovu na ya njano kwa madhara yaliyompata mgonjwa, na zote zinaweza kujazwa mtandaoni. Mhudumu wa afya atakusaidia. Fomu ya waridi huuliza jina la dawa, bachi, tarehe ya mwisho na aliyeiuza. Kama huna jina la aliyekuuzia, andika nambari uliyomtumia pesa na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.